Pikipiki mpya ya kupandia Amani

Mdogo wangu, umeuliza uchukue pikipiki gani mpya ya fostroki (injini ya mipigo minne), uwe unatoka Tanga mjini wikiendi kuzunguka njia za msituni kule Amani, milima ya Usambara. Usikimbilie cc kubwa, yaani injini kubwa. Masika udongo mwekundu unajaa kwenye madigadi mpaka tairi linagoma kuzunguka. Hapo unashuka kusukuma, na chombo kizito mlimani utakilaani. Cc 150 mpaka 200 inatosha.

Dukani kalia kwanza, miguu ikanyage chini. Kisha angalia madigadi ya mbele yaliyonyanyuliwa juu, tairi za meno, injini isiyokaribia ardhi. Rangi achana nayo. Na oili ya fostroki inakaa ndani ya injini, haiungui pamoja na petroli kama kwenye zile Yamaha DT 125 za zamani za tustroki (mipigo miwili), kwa hiyo pima kiwango chake kila safari.