Unataka bondingi ya meno? Maliza haya kwanza

Watu wakiona meno yangu siku hizi, swali la kwanza huwa ni bei: jino moja ni pesa ngapi? Ni swali la haki, maana Nairobi daktari hutoza kwa jino, na bima kwa kawaida hailipii matibabu ya urembo. Lakini mimi humrudishia mtu swali: ufizi wako ukoje? Ukipiga mswaki, unatoka damu? Bondingi, yaani kufunika au kurekebisha jino kwa kompositi, ujazo wenye rangi ya jino, hufaulu au huharibika kutokana na mambo yanayofanywa kabla kompositi haijagusa jino, na ni hayo ningependa uyajue kabla hujatuma pesa kwa mtu.

Mimi nimekulia Gilgil. Aliyelelewa ukanda ule wa Bonde la Ufa, Naivasha hadi Nakuru, anajua habari ya meno ya kahawia. Maji ya visima vingi vya huko yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachoruhusiwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani yangali yanaundwa ndani ya taya, yatatoka na madoa ambayo hakuna mswaki utakaoyaondoa. (Kama una mtoto mdogo huko, tafadhali: kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Mpe maji ya mvua yaliyotekwa na kuhifadhiwa vizuri.) Nilipohamia Nairobi nilizoea kucheka nimeziba mdomo kwa kiganja, na kuna watu walioniambia wazi kwamba sipigi mswaki. Kwa hivyo naujua uchungu wa mtu anayetaka meno yabadilike leo hii.

Kompositi ni resini, aina ya plastiki, iliyochanganywa na chembe ndogo sana za kioo. Inawekwa kwenye jino ikiwa laini kama udongo wa mfinyanzi, daktari anaiumba, kisha anaigandisha kwa taa ya buluu, tabaka baada ya tabaka. Mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Kinachoifanya ishike ni jambo aliloligundua Mmarekani Michael Buonocore mwaka 1955: enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, ikipakwa asidi hupata vitundu visivyoonekana kwa macho, na resini hupenya humo na kung'ang'ania. Kwangu, daktari alipaka jeli ya asidi, akaiosha, akapuliza hewa, kisha akanionyesha kwenye kioo. Sehemu ile ya jino ilikuwa imepauka, haina mng'ao hata kidogo. "Sasa hapa pasiguswe na mate wala damu," akasema. Ndiyo sababu alikuwa ametandaza ile karatasi ya mpira mdomoni, na ndiyo sababu alikuwa amekataa kunianza kabla ufizi wangu haujapona. Ufizi unaotoka damu huharibu kazi papo hapo. Kwa hiyo ukoga uliogandamana uondolewe kwanza, mashimo yazibwe, ufizi upone. Kama daktari yuko tayari kukuwekea bondingi siku hiyo hiyo ya kwanza bila hata kuuangalia ufizi, mshukuru na uondoke.

Jambo la pili ni rangi. Kompositi haing'ariki kwa dawa ya kung'arisha meno. Rangi utakayowekewa ndiyo utakayobaki nayo. Kama unataka meno yote yawe meupe zaidi, yang'arishwe kwanza, kisha usubiri kama wiki mbili, kwa kuwa oksijeni ya dawa hiyo inayobaki kwenye enameli hudhoofisha mshiko. Rangi nayo ichaguliwe mwanzoni kabisa meno yakiwa bado na unyevu, maana jino likikauka huonekana jeupe kuliko lilivyo. Kwa sisi wa meno ya floraidi kuna kazi ya ziada: enameli yetu ni ngumu kushikwa na asidi, na kompositi nyembamba huacha ukahawia upenye. Muulize daktari kama ataanza na tabaka zito la kuficha doa, na kama madoa yako ni mepesi, muulize kama kusugua uso wa jino kwa asidi na unga maalumu hakutatosha. Wakati mwingine hutosha, na hapo huna haja ya bondingi.

Kuhusu mwanya, mimi nasema usiharakishe. Wengi huletwa kliniki na maneno ya watu, ilhali mwanya kwetu ni uzuri unaosifiwa. Ukiamua kuuziba, fahamu kwamba meno mawili yatapanuka ili yakutane. Omba kompositi ya majaribio iwekwe bila asidi, ujitazame, kisha itolewe.

Halafu nani anafanya kazi hiyo? Binamu yangu alibandikwa "vinia", yale maganda membamba ya kufunika meno, kwenye saluni, akamaliza akiwa na ufizi umevimba na harufu isiyokwisha hadi daktari alipozitoa. Daktari wa meno nchini Kenya lazima awe na leseni ya kila mwaka ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, na jina lake unaweza kulitafuta kwenye tovuti yao kwa simu yako. Fanya hivyo kabla ya kulipa. Ukitaka maoni ya pili, kuna hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, barabara ya Argwings Kodhek.

Siku ya kazi, usiinuke kitini kabla hujang'ata ile karatasi ya rangi ya kupima jinsi meno yanavyokutana, pande zote na kusema wazi kama kuna jino linalotangulia mengine. Ukifika nyumbani, pitisha uzi wa meno. Ukikwama au kuchanika karibu na ufizi, kuna ukingo uliobaki; rudi usawazishwe, la sivyo uchafu utajikusanya hapo.

Bondingi iliyotunzwa hudumu takriban miaka 5 hadi 7, kisha huhitaji kukarabatiwa au kubadilishwa. Siku mbili za kwanza ahirisha chai ya rangi, kahawa na pilau yenye manjano. Baada ya hapo kula chakula chako, ila miwa, mifupa ya nyama choma na vifuniko vya soda visiguswe na meno ya mbele. Miraa na mogoka pia huyatesa. Dawa za meno za mkaa hukwaruza mng'ao. Na kama unasaga meno usingizini, omba kinga ya kuvaa usiku.

Kipande kikivunjika, usijaribu gundi ya dukani. Kwa kawaida daktari anaweza kuongeza kompositi pale pale bila kutoa yote. Ili isionekane kiraka, mwambie tangu mwanzo aandike kwenye faili yako jina la kompositi na namba ya rangi, A1, A2 au yoyote ile, nawe uipige picha kwa simu.