Alama ya kona nne mgongoni mwa baba

SWALI: Shikamoo, mama. Mwezi uliopita baba yangu, miaka 66, aliwekewa stenti mbili za moyo (vibomba vya kuuweka mshipa wazi) hapa Nairobi. Mshipa mmoja ulikuwa umeziba kabisa, kazi ikachukua muda mrefu. Wiki mbili baadaye kukatokea alama nyekundu chini ya bega la kulia, kona nne kama imechorwa kwa rula. Kliniki ya mtaani walimpa dawa ya fangasi, na sasa wanataka kukata kipande cha ngozi kikapimwe. Kwenye karatasi za hospitali nimeona “6.8 Gy”. Daktari wa moyo anataka arudi kwa mshipa mwingine. Mama mkubwa anasema mionzi imetosha. Tufanyeje? – Binti, Umoja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza kabisa, wembe usubiri. Fangasi haoti kwa kona nne. Mimi niliyezeekea vyumba vya eksirei, nikisikia alama ya mipaka iliyonyooka mgongoni mwa mtu aliyetoka kuwekewa stenti, naanza kushuku mionzi. Ngozi iliyopata mionzi mingi hupona kwa shida, na kuikata kunaweza kuacha kidonda kisichofunga. Mpelekeni kwa daktari wa ngozi, na kabla hajauliza lolote mpeni tarehe ya stenti na hiyo namba. Asipoambiwa, atatibu mzio miezi mizima.

Moyo uko kifuani, mbona mgongo? Stenti huwekwa daktari akiongozwa na picha za eksirei, na bomba la eksirei hukaa chini ya kitanda. Miali huingilia mgongoni, na pale inapoingilia ndipo ina nguvu zaidi.

Gy ni grei, kipimo cha mionzi. Lakini mashine haikupima ngozi ya baba. Ilijumlisha mionzi iliyotoa kana kwamba yote iliangukia nukta moja ya kufikirika, sentimita 15 kutoka kitovu cha mzunguko wa mkono wa mashine unaobeba bomba, upande wa bomba. Daktari akibadilisha pembe mara kwa mara, mionzi husambaa. Akibaki pembe moja, kama inavyotokea mshipa ukiwa mkaidi, kipande kimoja cha ngozi hubeba karibu mzigo wote. Wekundu wa namna hii huja ngozi ikipata takriban grei 6, tena hujitokeza baada ya siku kumi hivi, watu wakiwa wameshasahau hospitali.

Ndiyo maana miongozo ya kimataifa husema namba hiyo ikifika grei 5, mgonjwa aelezwe kabla ya kwenda nyumbani na ngozi yake ifuatiliwe wiki zinazofuata. Hapo nina neno na hospitali yenu. Kuiandika namba ni vyema. Kuiandika bila kumwambia mtu aangalie mgongo ni kazi nusu. Na siku nyingine wakikutajia tu dakika ambazo mashine ilitoa mionzi, usiridhike. Kwa mtu mnene mashine hujiongezea nguvu yenyewe, kwa hiyo dakika zake 20 si sawa na 20 za mwembamba.

Mama mkubwa ana haki ya kuogopa, ila asiamue yeye. Sisi wafanyakazi tuna kikomo, wastani wa milisiveti 20 (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) kwa mwaka. Mgonjwa hawekewi kikomo, kwa sababu mshipa ulioziba unaweza kumuua wakati tunahesabu mionzi. Mwonyesheni daktari wa moyo picha ya mgongo na ile 6.8, mumuulize: inaweza kungoja ngozi itulie? Kama haiwezi, atumie pembe nyingine, abane dirisha la miali, apunguze mapigo ya mionzi kwa sekunde, na kipokezi cha picha kikae karibu na kifua. Daktari mzuri hatakasirika kuulizwa hayo.

Kwa sasa baba asijikune, asiote jua mgongoni, asikandwe kwa maji ya moto. Mpigeni picha kila wiki, rula kando ya alama. Ngozi ikichubuka au kutoa maji, msingoje tarehe ya kliniki: rudini hospitali ileile siku hiyohiyo, karatasi mkononi.