Jibu: Kujifunza efekti za video ukiwa Mwanza
Mkuu, umeuliza uanze na kompyuta ya bei mbaya au programu. Kompyuta isubiri. Pakua Blender, programu ya kutengeneza vitu vya 3D, ni ya bure. Jioni nenda kwenye kivuko cha Kamanga, simu iwe kwenye stendi (ikitulia, trakingi, yaani kufuatilia mwendo wa kamera, huihitaji bado), rekodi kivuko kikiingia, kisha pachika mtumbwi wa 3D pembeni yake. Kazi iko hapo: kivuli kifuate jua la kwenye video, weusi wa mtumbwi usizidi weusi wa kivuko kilicho umbali uleule, maana hewa ya ziwani hufifisha vya mbali, na chenga za kamera (vidoa vidogo vya picha) uzirudishie juu ya mtumbwi. Vijana wengi hukimbilia milipuko, wanaboa. Mawimbi yakigusa mtumbwi yatakutesa. Kwa sasa uweke mbali kidogo na kamera.