Barua kwa mwanangu: hawakutanii, anaumwa kweli

Mwanangu, meseji yako nimeiona. Unasema mmeenda Puri, mji wa hekalu huko India, na wenzako wa chuo mkaambiwa mungu wao ana homa haonekani, ukadhani wanakuchezea akili kwa vile we mgeni. Hawakutanii baba. Mi nilisoma hapo Bhubaneswar, mji wa jirani, chumba kimoja na binti wa Puri, najua.

Ni hivi, siku ya mwezi mpevu, mvua kubwa hazijaanza, sanamu za Jagannath, ndo huyo mungu wao, na kaka yake Balabhadra na dada yao Subhadra zinatolewa nje ya hekalu, wanaogeshwa maji mitungi 108 mbele za watu, sasa we mwagiwa yote hayo uone, homa lazima. Wanafichwa siku kama 15, chakula cha kupikwa hawagusi, ni matunda na dawa za mizizi tu. Na wanaowauguza ni Daita, ukoo unaojihesabu uzao wa mtu wa msituni aliyemwabudu kwanza, kabla ya hili hekalu kubwa la karne ya 12. Hao wanahesabika ndugu zake wa damu, na nani akuuguze kama sio ndugu? Hapo ndo nilipoanza kuwaelewa. Jagannath mwenyewe kachongwa kwa mwarobaini, huu huu wa uani kwetu, na mti unachoka bwana, kila baada ya miaka kadhaa wanachonga mpya, mwisho ilikuwa 2015.

Kuingia ndani ya hekalu usihangaike, ni Wahindu tu, hata Indira Gandhi, waziri mkuu wao, alikataliwa 1984 sababu aliolewa na Mparsi, mtu wa dini nyingine. Sipendi kukuficha, hilo liliniuma kidogo. Ila akishapona anatoka mwenyewe barabarani, gari lake la mbao lina magurudumu 16, watu wanavuta kamba bila kuulizana dini wala tabaka, na mfalme wa Puri anafagia gari kwa ufagio wa dhahabu kama mtumishi. Anaenda kwa mama yake mdogo, kama kilomita 3, anakaa huko wiki nzima.

Sasa mkewe Lakshmi kaachwa nyumbani! Siku ya tano anamfata kwa hasira, anaamuru kipande cha gari kivunjwe, na mume akirudi anafungiwa mlango mpaka atoe rasagola, ile mipira mitamu ya maziwa. Nilimsimulia baba yako hii, akacheka, alafu kesho yake akaniletea kashata.