Maswali ya Wasomaji: Kutoka Ukumbini hadi Mlango wa Ndege

Jengo la Tatu la Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere lilizinduliwa Agosti 1, 2019, likiwa na uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Tangu hapo safu hii haijakaukiwa na maswali kuhusu madaraja ya kupandia ndege, yaani njia zilizofunikwa zinazosogea na kuunganisha jengo na mlango wa ndege. Wahandisi wetu wamejibu matano.

Mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo, naishi Ubungo. Tumepewa kazi ya kuchora upanuzi wa jengo la abiria lenye madaraja manne. Wenzangu wameanza na paa na ukumbi. Mimi nianzie wapi?

Anzia kwenye kizingiti cha mlango wa ndege, kisha rudi nyuma hadi ukumbini. Ukianza na ukumbi, sakafu itakuwa imeshakuamulia mambo ambayo huwezi kuyabadili tena baada ya zege kumwagwa.

Chukua ndege mbili. Kizingiti cha mlango wa mbele wa Boeing 737 kiko takriban mita 2.7 kutoka chini. Cha Boeing 777 kiko takriban mita 4.8. Daraja moja linatakiwa lizifikie zote mbili, na mteremko wake usizidi 1 kwa 12, yaani kushuka mita moja kwa kila mita 12 za kutembea. Ukizidisha hapo, mtu anayesukuma kiti cha magurudumu atakuwa anashindana nacho.

Sasa piga hesabu. Tuseme daraja linaanzia kwenye sakafu ya mita 4.0. Kuifikia 737 unashuka mita 1.3, na ukizidisha kwa 12 unapata mita 15.6 za daraja. Kuifikia 777 unapanda mita 0.8, sawa na mita 9.6. Hapo umepona. Lakini tuseme ukumbi wako wa kuondokea uko mita 5.5 juu, na daraja umelibandika moja kwa moja ukutani. Kwa 737 utashuka mita 2.8, na utahitaji mita 33.6. Ndege italazimika kusimama mbali zaidi na jengo, na eneo la maegesho ulilodhani linatosha halitatosha.

Dawa yake ni ushoroba usiosogea kati ya jengo na daraja. Ushoroba huo ndio ubebe mteremko wa kutoka mita 5.5 hadi 4.0, ambao ni mita 18, na katikati yake uweke sehemu tambarare ya kupumzikia, kwa kuwa mteremko mkali kiasi hicho hauachwi uende zaidi ya mita 9 bila kituo. Angalia pia barabara ya magari ya huduma inayopita mbele ya jengo. Toa sentimita 60 za unene wa sakafu na vyuma vyake: ushoroba wa mita 4.0 unabakiza uvungu wa mita 3.4, na gari la chakula cha ndege halipiti hapo. Kwa hiyo vuka barabara ukiwa bado juu, kwenye mita 5.5, ndipo uanze kushuka. Hili ndilo kosa tunaloliona mara nyingi kwenye michoro ya wanafunzi: mteremko mzuri, barabara nzuri, lakini vimekutana mahali pabaya.

Mwisho wa ushoroba kuna chumba cha mviringo kilichokaa juu ya nguzo moja nene. Hapo ndipo daraja linapogeukia. Kuanzia hapo kuna vyumba virefu viwili au vitatu vinavyoingiana kama droo, halafu kibanda cha mbele kinachogeuka chenyewe ili kilaliane na ubavu wa ndege. Uzito wote wa upande wa mbele unabebwa na nguzo mbili za kunyanyulia zilizosimama juu ya magurudumu yanayoendeshwa kwa mota. Msingi wa ile nguzo ya mviringo, mabomba ya nyaya na visima vya mafuta vya chini ya ardhi lazima viwe vimeshawekwa kabla hujamwaga zege la maegesho. Kulikata zege baadaye ni gharama, na linaacha viungo vinavyopitisha maji.

Kuhusu upana, ndege za kundi C, kama 737 na Airbus A220 za Air Tanzania, zina mabawa yasiyofika mita 36, na kati ya ndege na ndege unaacha mita 4.5. Za kundi E, kama Boeing 787, hazifiki mita 65, na unaacha mita 7.5. Egesho moja la kundi E ni mita 72.5. Mawili ya kundi C ni mita 81. Ukiongeza mita 8.5 tu, egesho la ndege moja kubwa linaweza asubuhi kupokea ndege mbili ndogo. Weka madaraja mawili hapo: ndege kubwa itatumia yote, moja mlango wa kwanza na jingine wa pili, ndege ndogo zitagawana. Chora mistari ya rangi tofauti kwa kila hali na usiiruhusu ichanganyike, kwa sababu mwongozaji anayefuata mstari usio wake ataingiza bawa mahali palipo na bawa jingine.

Kitu cha mwisho kwako: abiria waliofika kutoka nje wasikutane na waliokwisha kukaguliwa. Milango ya ushoroba ifungane yenyewe kwa zamu, ukifunguka wa wanaofika, wa wanaoondoka ujifunge. Kundi moja likichanganyika na jingine, ukumbi mzima unakaguliwa upya na ndege zinachelewa.

Mama yangu anatumia kiti cha magurudumu. Safari moja alipita darajani bila shida, safari nyingine tukapelekwa kwenye lami na akabebwa kwenye ngazi. Kwa nini isiwe daraja siku zote? Mama wa watoto wawili, Mbagala.

Pole, mama, na mpe pole bibi. Sababu kubwa ni aina ya ndege. Dash 8 Q400, ile yenye mapanga mawili inayofanya safari nyingi za ndani, mlango wake uko karibu mita moja na kidogo tu kutoka chini, na mlango huohuo ndio ngazi: unafunguka kwa kuangukia nje ukiwa na reli zake za kushikia. Daraja la kawaida halishuki kiasi hicho, na hata likishuka, lingekutana na ngazi hiyo likiwa bado halijafika. Sababu nyingine ni kwamba maegesho ya madaraja huwa machache kuliko ndege saa za msongamano, na mashirika mengine huchagua kushusha abiria kwa milango ya mbele na nyuma ili ndege igeuke haraka.

Lakini kubebwa mikononi si lazima. Kwa ndege ndefu lipo gari lenye chumba kinachonyanyuliwa hadi mlangoni, na kwa ndege fupi ipo njia ya mteremko inayokunjwa. Toa taarifa unapokata tiketi, si unapofika kaunta, na walau saa 48 kabla ya safari. Sema wazi kama mama anaweza kupanda ngazi chache, au hawezi kabisa, au anahitaji kusaidiwa hadi kwenye kiti chake ndani ya ndege. Haya ni mahitaji matatu tofauti, na kila moja lina vifaa vyake.

Shikamoo. Nimepata nafasi ya kujifunza kuendesha madaraja. Naomba hatua na makosa ya kuepuka. Kijana wa Kipawa.

Marahaba. Hongera, ni kazi ya macho na subira.

Kabla ndege haijaingia, shuka chini ukatembee eneo lililochorwa mistari ya kukataza maegesho. Kitoroli cha mizigo kilichosahaulika hapo kitakanyagwa na magurudumu ya daraja, na ukiwa juu huenda usikione. Hakikisha daraja limerudi kwenye alama yake. Likiwa nje ya alama, ndege isikaribishwe.

Ndege ikisimama, subiri vitu vitatu: injini zizimwe, taa nyekundu ya kumulika izimwe, na magurudumu yawekewe vizuizi. Usisogeze daraja kabla ya hivyo vyote. Kisha peleka kibanda mbele, na ukiwa umebakiza kama mita moja, simama. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Geuza kibanda mpaka ukingo wake ulaliane na ubavu wa ndege, na weka sakafu chini ya kizingiti kwa takriban sentimita 15, ili mlango ukifunguka usikwaruze. Tazama pande zote za mlango: karibu na pua ya ndege kuna vijibomba na vijibawa vidogo vinavyopima mwendo na pembe ya hewa, na rubani anavitegemea angani. Daraja wala turubai lake lisiviguse. Ndipo usogee polepole mpaka ukingo wa mpira ubonyee kidogo tu. Kwa Dreamliner, yaani ile Boeing 787, uwe mpole zaidi. Bodi yake si ya aluminiamu, ni ya nyuzi za kaboni, na pigo linaweza kuumiza tabaka za ndani huku nje kusionekane bonde. Ukigonga, hata kidogo, toa taarifa hapohapo, ndege isiondoke bila mafundi kuikagua.

Baada ya hapo shusha turubai la mikunjo, kisha washa kifaa cha kufuata kimo. Ni mkono wenye gurudumu dogo la mpira linaloegemea ubavu wa ndege. Abiria na mizigo wakishuka, ndege hupanda. Mafuta yakijazwa, hushuka. Gurudumu likizunguka, daraja linajua ndege imehama kimo, nalo linaifuata. Mlango ukishafunguliwa, weka chini yake kile kiatu cha usalama chenye swichi: mlango ukikibonyeza, daraja hushuka lenyewe. Mlango hufunguliwa na wahudumu walio ndani baada ya kupeana ishara nawe. Usiuvute wewe.

Kosa baya kuliko yote hutokea wakati wa kuondoka: daraja linarudishwa nyuma mlango haujafungwa, au turubai bado limeikumbatia ndege. Mlango huo hung'oka kwenye bawaba. Kwa hiyo toa kiatu, shuhudia kwa macho mlango ukifungwa, nyanyua turubai, zima kifaa cha kufuata kimo, halafu ndiyo urudi nyuma. Ukiitwa katikati ya hatua hizi, maliza kwanza.

Mbona ndani ya ndege kunakuwa na joto kabla ya kuondoka, hata ikiwa imeshikana na daraja? Msomaji, Tegeta.

Ndege ina injini ndogo mkiani inayotoa umeme na hewa ikiwa chini, lakini kwa ndege ya kati inakula takriban kilo 100 za mafuta kwa saa na kelele zake ni kubwa. Viwanja vingi hutaka izimwe, na badala yake ndege ipate umeme wa hezi 400 na hewa baridi kutoka darajani. Ukisikia joto, mara nyingi mashine ya baridi ni nzima ila bomba lake la manjano limejikunja mahali, au limelala kwenye zege la jua la saa nane mchana na hewa imepata moto njiani. Bomba liwe fupi iwezekanavyo na linyooshwe. Na madirisha ya upande wa jua yafunikwe abiria wa kwanza wanaposhuka, si wa pili wanapopanda.

Umeme ukikatika watu wakiwa darajani inakuwaje? Na daraja likishika moto? Mkazi wa Gongo la Mboto.

Umeme ukikatika, daraja halianguki. Madaraja mengi hunyanyuliwa kwa skrubu kubwa ambazo haziwezi kujirudi zenyewe, na breki za magurudumu hujifunga umeme ukiondoka. Jenereta inachukua zamu baada ya muda mfupi. Hatari iko katika huo muda mfupi, kwa sababu daraja haliifuati ndege, na mlango unaweza kukaa juu ya sakafu. Ndiyo maana mwendeshaji haondoki kibandani. Umeme ukikawia, turubai hunyanyuliwa kwa mkono, breki hufunguliwa kwa wenzo, na daraja huvutwa taratibu kwa trekta la uwanjani.

Kuhusu moto, kiwango cha Marekani kiitwacho NFPA 415 kinataka daraja liwakinge watu kwa dakika 5 dhidi ya moto wa mafuta yaliyomwagika chini yake. Kwa sababu hiyohiyo zege la maegesho huinamia mbali na jengo kwa asilimia 1 katika mita 15 za kwanza, mafuta yasije yakatiririka kuelekea ukutani. Na kwa kuwa egesho la ndege lenyewe halitakiwi kuinama zaidi ya hiyo asilimia 1, fundi wa zege hana nafasi ya kukosea.

Kwa Dar es Salaam tungeongeza matunzo. Upepo wa bahari una chumvi, nayo huanzia kwenye boliti na ncha za nyaya; ziangaliwe kila mwezi. Kabla ya masika badilisheni mipira ya kuzuia maji pale vyumba vinapoingiana, kwani ndipo maji yanapopenya na kulowesha zulia. Safisheni michirizi ya paa. Kunguru wa jiji hili hujenga viota kwa vipande vya waya, na kipande kimoja kikidondokea kwenye mnyororo wa nyaya chini ya daraja, huchuna kebo polepole kila daraja linapotoka na kurudi, mpaka siku moja linagoma ndege ikiwa imeshafika.