Bwawa la pembe nane la Husuni Kubwa

Swali la wiki hii: "Ni bustani au jumba gani la starehe la wafalme wa kale, lenye maji ya kupendeza, umewahi kulitembelea, na nini kilikukaa moyoni?" Najua wapo watakaotaja Granada kule Hispania au Versailles kule Ufaransa, ambako maji hurushwa juu. Mimi naandika kutoka Lindi, na jibu langu limo mkoani humu humu: Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani.

Nilikwenda na baba yangu, fundi mwashi aliyestaafu. Tulishuka Nangurukuru, tukapata gari la Kilwa Masoko, tukakata kibali kwa watu wa mambo ya kale, kisha tukavuka kwa mashua.

Neno husuni ni ngome, kwa hiyo nilitarajia kukuta kuta za vita. Nilikuta nyumba ya mtu aliyependa kupumzika. Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliijenga mwanzoni mwa karne ya 14, juu ya jabali linalotazama bahari. Vyumba vyake vinapita 100. Upo ua wenye ngazi pana za kukalia, kama baraza zilizopandana, na upo ua mkubwa wa bidhaa, maana utajiri wote ule ulitokana na biashara, hasa dhahabu ya Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, iliyopitia Kilwa. Sarafu yenye jina la sultani huyu imewahi kuokotwa hadi Great Zimbabwe, magofu ya mji wa kale wa mawe huko Zimbabwe.

Halafu tukafika kwenye bwawa.

Lina pembe nane, limezama chini ya sakafu, na lina ngazi za kushukia. Baba alichuchumaa ukingoni akakaa pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote siku ile. Alinieleza kwamba tumbawe likitolewa baharini bichi huchongeka kwa urahisi, likikauka linakuwa gumu. Chokaa nayo ni matumbawe hayo hayo yaliyochomwa. "Kona ya mraba kila fundi anaipiga," aliniambia. "Hizi nane, zikutane sawasawa na maji yasivuje? Huyu alikuwa fundi, mwanangu." Nimemwona baba akikagua kazi za watu maisha yangu yote, na si mwepesi wa kusifu.

Mimi nilikuwa nawaza maji. Kisiwa hakina mto, watu wake wameishi kwa visima. Bwawa lile hukadiriwa kuwa lilichukua lita 80,000 hivi. Nimekua nikichota maji kwa ndoo ya lita 20, kwa hiyo hesabu niliipiga pale pale: ndoo 4,000. Hakukuwa na pampu. Kuna mabega yaliyoyabeba, na kwangu mimi hao ni watu wa Husuni sawa na sultani. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, alimsifu sultani huyu kwa ukarimu, hata akaandika kwamba aliitwa baba wa zawadi. Lakini katika kisa hicho hicho cha ukarimu, miongoni mwa zawadi alizopewa fakiri mmoja walikuwemo watumwa. Nilipokumbuka hilo nikiwa nimesimama juu ya zile ngazi, uzuri wa mahali haukupungua, ila sikuweza tena kuutazama bila kuwaona waliotoka kisimani.

Jumba lenyewe halikukaliwa muda mrefu, na inaonekana halikumalizika kujengwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Ndiyo maana niliumia nilipomwona mgeni mmoja akibandua kipande cha chokaa ukingoni ili aondoke nacho. Baba alimfuata, akakiomba kwa adabu, akakirudisha palepale.

Wa kusini wenzangu, mkienda, nendeni asubuhi, na msiishie kwenye Msikiti Mkuu na Gereza, ile ngome ya kale, kwa sababu tu viko karibu na pale mashua inapotia nanga. Husuni Kubwa iko mbele kidogo, kwa miguu. Baba ameshasema tukirudi atabeba kamba ya kupimia, anataka kujua kila upande wa zile nane una urefu gani.