Mleta mada, usiwahamishe kondoo hao Jumamosi

Weka chupa hiyo chini kwanza. Umeandika kwamba una kondoo 40, wengi wao chotara wa Dorper, aina ya kondoo wa nyama kutoka Afrika Kusini, kwamba Jumamosi utawanywesha wote albendazole, dawa ya minyoo, kama ulivyozoea kila baada ya miezi miwili, na kwamba siku hiyohiyo utawafungulia eneo lenye majani mabichi ulilolipumzisha tangu kiangazi ili, kwa maneno yako, waanze upya wakiwa safi. Halafu ukauliza juu ya ratiba ya chanjo, dawa ya kuogeshea kupe na namna ya kukata kwato. Nilipofika kwenye neno "Jumamosi" nilisimama kutoka kitini, kwa sababu hayo ndiyo niliyoyafanya mimi, kwa mpangilio huohuo na kwa furaha hiyohiyo, na yalinigharimu kondoo 22.

Nilikuwa na kondoo 58 huku Monduli: chotara 41 waliotokana na dume la Dorper nililolinunua ng'ambo ya Namanga, na wekundu wa Kimasai 17 niliowachukua mnadani kwa kuwa bei yao ilikuwa nafuu, na ambao nakiri kwamba niliwadharau. Wote niliwanywesha dawa kila baada ya wiki nane kwa kufuata kalenda niliyoibandika ukutani, nikajiona mfugaji wa kisasa kuliko majirani zangu ambao hata kalenda hawakuwa nayo. Mvua za vuli ya 2019 zilipitiliza hadi zikakutana na masika ya 2020, majani yakafika magotini, nami mwezi wa Aprili nikaifanya kazi yangu kwa madaha: asubuhi kila kondoo alipata dawa, mchana lango la eneo jipya likafunguliwa. Hata picha nilipiga. Bado ninayo kwenye simu, na mke wangu huniomba nimwoneshe kila ninapoanza kumshauri jambo lolote.

Kwa mwezi mzima mambo yalikwenda vizuri. Katika wiki ya sita, jike mmoja aliyenona kuliko wenzake alibaki nyuma ya kundi wakati wa kurudi zizini, akasimama akihema kama aliyekimbizwa, kisha akalala, na kulipokucha alikuwa amekufa. Kinyesi chake kilikuwa gololi ngumu za kawaida, na kwa kuwa niliaminishwa kwamba kondoo mwenye minyoo lazima aharishe, nilitafuta mmea wenye sumu, nikatafuta nyoka, na karibu nimtafute mchawi. Siku nne baadaye wengine watatu waliota uvimbe laini chini ya taya, mfano wa kifuko cha maji, ambao ukiubonyeza kwa kidole shimo hubaki pale kwa muda kabla ya kujaa tena. Wakati huo nilikuwa bado najisifu kwamba kundi langu limepata dawa kwa ratiba.

Nikarudi kwa muuza dawa aliyenihudumia siku zote. Aliniambia kwamba minyoo wangu wameizoea dawa ile na kwamba nibadilishe, na katika hilo alisema kweli, ndiyo maana hasira yangu kwake haijaisha mpaka leo. Alinipa chupa yenye lebo ya rangi nyingine na bei ya juu zaidi. Wiki iliyofuata, baada ya kondoo saba kufa, alinipa ya tatu, iliyochorwa kondoo anayetabasamu. Ni daktari wa mifugo aliyezipanga chupa hizo tatu juu ya meza yangu na kunionesha maandishi madogo yaliyo chini ya jina la biashara, na zote zilisema albendazole. Nilikuwa nimebadilisha chupa mara mbili bila kubadilisha dawa hata mara moja, na mtu niliyemlipa kwa kazi hiyo alijua kusoma vizuri tu, maana risiti alikuwa akiniandikia kwa mkono wake.

Kipimo nacho kilikuwa cha muuza dawa huyo. Chupa yangu ilikuwa ya asilimia 2.5, ambayo huhitaji mililita 1 kwa kila kilo 5 za uzito, yaani kondoo wa kilo 60 anastahili mililita 12. Yeye alinishauri nimpe kila kondoo mililita 6, mkubwa kwa mdogo, "ili chupa ifike kwa wote." Majike yangu makubwa yalikuwa yakinywa nusu ya dozi, na nusu ya dozi haiwaui minyoo, huwachuja tu: wanyonge hufa, wagumu hubaki wakizaana.

Daktari huyo alimpasua mbele yangu kondoo wa tisa kufa. Damu iliyotoka ilikuwa nyepesi kama juisi ya rozela iliyotiwa maji mengi, na ndani ya tumbo la nne, utando wote ulikuwa ukitambaa. Walikuwa minyoo wembamba kama uzi, wenye urefu wa sentimita 2 au 3, na mwilini mwa kila jike kulipita mstari mweupe uliojisokota juu ya mstari mwekundu: mweupe ni mfuko wa mayai, mwekundu ni utumbo uliojaa damu ya kondoo wangu. Jina lake la kitaalamu ni Haemonchus contortus. Mnyoo mmoja humpotezea kondoo kiasi cha mililita 0.05 za damu kwa siku, kama tone moja tu, lakini kondoo mwenye minyoo 5,000 hupoteza robo lita kila siku iendayo kwa Mungu. Ndiyo maana huyu mnyoo hamfanyi kondoo aharishe. Anamkausha damu akiwa bado amenona, na wewe ukiwa unampiga picha.

Sasa nieleze kwa nini kuhama kwako Jumamosi ndiko kubaya kuliko hata kipimo kibovu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopotea wakidhani wanafanya usafi. Baada ya kunywesha dawa, minyoo pekee wanaobaki hai matumboni ni wale ambao dawa imeshindwa kuwaua, na jike mmoja kati yao hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku. Ukiwaacha kondoo kwenye malisho ya zamani, mayai hayo huangukia mahali palipojaa viluwiluwi vya minyoo ambao hawajawahi kukutana na dawa, na kondoo wanapokula majani hayo wanameza mchanganyiko ambamo minyoo sugu ni wachache. Lakini ukiwapeleka siku hiyohiyo kwenye eneo lisilo na minyoo, unapanda mbegu moja tu, nayo ni ya minyoo sugu. Kwenye joto na unyevu wa masika, yai huwa kiluwiluwi kinachoweza kuambukiza katika muda wa wiki moja hivi, kikishamezwa huchukua takribani wiki tatu kuwa mnyoo anayetaga, na kuanzia hapo shamba lako jipya ni kitalu. Mimi nilikizungushia kitalu changu waya wa milioni moja na nusu.

Ushauri huu wa kunywesha na kuhamisha sikuubuni mwenyewe. Nilipewa kwenye semina moja na mwezeshaji aliyevaa buti safi mno, na baadaye nikagundua kwamba ni ushauri uliotolewa miongo mingi iliyopita katika nchi za baridi, Uingereza ikiwamo, na kwamba hukohuko wafugaji wa leo wanaonywa wasiufuate kwa sababu ya usugu uliowapata. Kwetu umefika ukiwa umechelewa, na bado tulipewa cheti cha kuhudhuria.

Kanuni yangu sasa ni moja: hapewi dawa ya minyoo kondoo ambaye sijamfunua jicho. Watafiti wa Afrika Kusini walitengeneza kadi ya kulinganishia rangi ya utando wa ndani ya ukope, maana kondoo aliyenyonywa damu hupauka hapo; inaitwa FAMACHA, jina lililotokana na la daktari wa mifugo Faffa Malan aliyeibuni. Ina rangi tano, kuanzia namba 1 ambayo ni nyekundu iliyokolea hadi namba 5 ambayo ni nyeupe kama karatasi. Unamshika kondoo juani, si kivulini na si zizini jioni, unafunika jicho kwa ukope wa juu kwa kidole gumba na kulikandamiza kidogo, kisha kwa gumba la mkono mwingine unavuta chini ukope wa chini ili utando wa ndani utokeze. Utazame mara moja na uamue, kwa kuwa ukiendelea kuushikilia damu hukimbilia pale na rangi hukudanganya. Ukisita kati ya namba mbili, chukua ile iliyopauka zaidi. Wenye namba 4 na 5 wanyweshe. Wenye namba 3 wanyweshe ikiwa ni wanakondoo, au ni majike wanaokaribia kuzaa au wanaonyonyesha, au ni waliokonda. Wenye namba 1 na 2 waache kabisa, hata mkono ukuwashe, kwa sababu minyoo walio ndani yao ndio akiba yako ya minyoo wasio sugu. Katika kundi la kawaida, minyoo wengi hukusanyika ndani ya kondoo wachache, hivyo kumnywesha kila mmoja ni kuteketeza dawa na akiba yako kwa wakati mmoja. Wakati wa mvua mimi huwatazama kila baada ya wiki mbili, na kundi zima hunichukua asubuhi moja.

Najua kuna mtu atakuja chini kuandika kwamba jicho haliwaoni minyoo wote. Ni kweli, haliwaoni wale wa utumbo mdogo wanaosababisha kuharisha, na macho hupauka pia kwa sababu ya minyoo bapa wa ini au kupe wengi. Ndiyo maana, nilipokwisha kuumia, nilipeleka vinyesi kwenye maabara ya kanda ya Wakala wa Maabara ya Veterinari hapa Arusha kabla ya kunywesha, na nikapeleka vingine siku 14 baada ya kunywesha. Dawa inayofanya kazi inapaswa kupunguza mayai kwa asilimia 95 au zaidi; yangu ilipunguza chini ya nusu. Gharama ya vipimo vile haikufika bei ya mwanakondoo mmoja. Ningevifanya mwezi wa Machi, leo ningekuwa naandika uzi wa kuuza madume.

Walionusurika waliokolewa na levamisole, dawa ya kundi jingine kabisa, ambayo daktari aliitoa kwa kumpima kila kondoo uzito kwenye mzani wa kuning'iniza, kwa kuwa ikizidishwa inaweza kumuua kondoo kabla ya mnyoo. Usiende kuinunua kesho kwa sababu tu nimeitaja. Kabla ya vipimo hujui kama ile uliyonayo imeshindwa, na hata kama haijashindwa, majike waliopandwa ndani ya mwezi mmoja uliopita hawapaswi kupewa albendazole, kwa maana inaweza kuharibu mimba changa. Hujatuambia dume lako liliingia kundini lini.

Wale wekundu wa Kimasai 17 niliowadharau hakufa hata mmoja. Walipauka watatu tu, na walisimama wenyewe. Kumbe jambo hilo lilikwishapimwa miaka ya 1990 huko Diani, pwani ya Kenya, ambako kondoo wekundu walilinganishwa na Dorper kwenye malisho yaleyale na wakaonekana kuwavumilia minyoo hawa vizuri zaidi. Mzee jirani yangu hakuhitaji utafiti. Alikuja kunipa pole, akalizunguka zizi kimyakimya, akanionesha wekundu wangu kwa fimbo na kuuliza: "Hawa nao uliwanunua kwenye semina?"

Ulichouliza kuhusu chanjo, ofisa mifugo wa kata yako ndiye mwenye ratiba ya sotoka ya mbuzi na kondoo, ila usimchanje mnyama aliyeishiwa damu, mrudishie nguvu kwanza. Na hilo tena linakurudisha kwenye macho, kwa sababu hutajua aliyeishiwa damu bila kuyafunua.

Kwa hiyo Jumamosi iache ibaki ya kutazama. Wafunue wote 40 asubuhi, uwatie alama ya rangi wenye namba 4 na 5, pamoja na wale wa namba 3 niliowataja, uwanyweshe hao peke yao kwa kipimo cha uzito wao, kisha warudi wote kwenye malisho yao ya sasa. Eneo jipya litawasubiri, majani hayana miguu. Kabla ya hapo, geuza chupa uliyonayo, usome maandishi madogo yaliyo chini ya jina la biashara, na uyaandike hapa pamoja na namba za macho ya kondoo kumi wa kwanza. Nitakuwa macho kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, kama kawaida ya mtu aliyewahi kuzika kondoo 22.